Kinjeketile na Deni la Wajukuu

Katika vitabu vya historia, Vita vya Maji Maji vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Vilianza mwishoni mwa Julai 1905, pale wananchi wa milima ya Umatumbi, upande wa Kilwa, walipoingia katika shamba la Nandete na kuing'oa pamba waliyolimishwa kwa amri ya Serikali ya Kijerumani. Vikazimwa mwaka 1907, baada ya viongozi waliokuwa wamebaki porini kuuawa mmoja baada ya mwingine. Baina ya tarehe hizo mbili watu wengi mno walipoteza maisha. Wajerumani wenyewe walikadiria kuwa waliokufa ni 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Tanzania aliyekaa na wazee akayaandika masimulizi yao, aliona hesabu hiyo ni pungufu, naye akakadiria kati ya watu 250,000 na 300,000. Wengi katika hao hawakufa kwa risasi, bali kwa njaa. Kwani majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji, ghala na mashamba kwa makusudi, ili nchi isalimu amri.

Tarehe za vitabuni, hata hivyo, ni tarehe za bunduki. Machungu ya watu yana tarehe zake nyingine. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakaa na wajukuu na vitukuu wa Nduna Songea Mbano, akaomba radhi kwa yale waliyotendewa wazee wao. Nduna huyo alinyongwa mwaka 1906 pamoja na makumi ya wapiganaji wenzake, na ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Rais huyo aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta. Hebu tulitafakari jambo hili. Miaka 117 ilikuwa imepita tangu kitanzi kile, na bado wako watu wenye majina na nyumba zao ambao walikuwa wakisubiri mtu aje awaambie neno. Kama vita hivyo vilikwisha mwaka 1907, basi wale walikuwa wakisubiri nini?

Swali hilo halijibiki kwa risala wala kwa kuweka shada la maua peke yake. Linataka kuonwa, tena kuonwa na watu wengi waliokaa pamoja. Ndiyo sababu safu hii leo inazungumzia mchezo wa kuigiza. Lugha yetu inao mchezo ulioliuliza swali hilo waziwazi miaka mingi kabla ya mgeni huyo kutua Songea. Mchezo huo ni *Kinjeketile*, uliotungwa na Ebrahim Hussein na kuchapishwa mwaka 1969.

MTUNZI NA MJI WAKE

Ebrahim Hussein alizaliwa Lindi mwaka 1943. Mji huo umekwisha kuvitolea vita hivyo watunzi wawili wa vizazi viwili. Wa kwanza alikuwa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa zama zilezile za vita, ambaye alivisimulia kwa utenzi. Utenzi wake ulichapishwa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1957. Yeye alikitazama kishindo kile akiwa mtu wa mjini, aliyeishi chini ya bendera ya Kijerumani. Wa pili ni Hussein, aliyezaliwa takriban miaka 40 baada ya moto kuzimwa, akawa kijana katika nchi iliyokwisha kupata uhuru. Wa kwanza alikuwa shahidi na wa pili alikuwa mjukuu, na mjukuu huuliza maswali ambayo shahidi hakuwa na nafasi ya kuyauliza.

Wakati mchezo huo ukitungwa, chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam kilikuwa kikiwatuma wanafunzi vijijini kuandika masimulizi ya wazee walioyashuhudia mambo hayo au kuyasikia kwa wazazi wao. Ilikuwa kazi ya haraka, maana wazee walikuwa wakiondoka. Mtunzi alikuwa amezungukwa na masimulizi hayo, lakini hakuyanakili. Yeye mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni mtu wa kubuni, ingawa ana uhusiano na yule wa historia. Tofauti moja ni kubwa, na maana ya mchezo mzima imo ndani yake. Kinjikitile Ngwale wa historia, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu. Hakuishi hata akaona jinsi maji yake yalivyowafanyia wale walioyaamini. Kinjeketile wa jukwaani anaachwa hai mpaka mwisho. Mtunzi amemlazimisha kuishi, apate kuona, kisha aulizwe.

NYUMBA MOJA NA NYINGINE

Mtu anayetarajia mchezo wa vita huenda akadhani pazia litafunguliwa kwa milio ya bunduki. La. Mchezo unafunguliwa na wanawake wawili, Bibi Bobali na mkewe Kinjeketile, wakizungumza habari za chakula. Njaa imeingia. Wanaume wamechukuliwa kwenda kulima pamba ya Mjerumani, na mashamba ya nyumbani yamekosa mikono. Yule aliyekuwa na akiba kidogo anaona haya kuwa nayo, na yule asiyekuwa nayo anaona haya kuomba. Tunavijua vita kwanza kwa njia ya chungu kitupu na jirani anayebisha hodi. Mwanamke yeyote wa Nungwi au Micheweni, akikaa mbele ya jukwaa hilo, atayaelewa mazungumzo hayo bila ya kuelezwa na mwalimu.

Kisha tunaingia nyumbani kwa Kitunda. Huyu ni mtu wa busara, baba wa binti aitwaye Chausiku. Binti huyo anachukuliwa na askari, na wazazi wake hawana la kufanya. Wanaume wenzake nao hawana la kufanya. Mtunzi hakuhitaji hotuba ndefu kutueleza kwa nini watu wa Rufiji na Umatumbi walichoka kutawaliwa. Ametuonyesha baba akimtazama mwanawe akiondolewa. Baadaye, Kitunda huyo huyo ndiye atakayewafundisha wapiganaji na kuwaongoza. Ghadhabu yake ina chanzo tunachokijua, nasi hatuwezi kuihukumu kwa wepesi.

Wapo pia wanaume wasio na majina ya kuzaliwa, wanaoitwa kwa makabila yao tu. Kila mmoja anamtilia shaka mwenzake. Huyu anakumbuka ugomvi wa mipaka, yule anakumbuka dharau ya zamani. Wote wanapigwa na kiboko kimoja, lakini hawawezi kukaa kikao kimoja bila ya kuteta. Hapo ndipo Kinjeketile anapotokea. Anapandwa na pepo Hongo, anavutwa mtoni, watu wanamlilia kuwa amekufa maji. Siku ya pili anatoka akiwa mzima, na mkononi mwake ana maji. Anawaambia kwamba maji hayo yatawakinga na risasi, na kwamba wote ni wamoja.

Kwa hiyo mambo mawili yalikuja ndani ya kibuyu kimoja. La kwanza lilikuwa uongo uliowaua watu. La pili lilikuwa ukweli ambao watu hao hawakupata kuusikia kabla ya siku hiyo. Mjerumani aliyashinda maji, na huko Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, bunduki za rashasha ziliwalaza chini watu waliokuja kwa makundi wakiamini kwamba risasi zitageuka matone. Umoja, kwa upande wake, haukufa siku hiyo. Lakini nani aliweza kuyatenganisha mambo hayo mawili wakati ule? Mtu asiyeyaamini maji asingethubutu kusimama bega kwa bega na adui wake wa jana.

NENO KUHUSU SEYYID SAID

Lipo jambo katika mchezo huu ambalo msomaji wa visiwani hapaswi kulipita. Kinjeketile alipokuwa amepandwa na pepo, kinywa chake kilitamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Wazee waliosimuliwa na historia nao walilihifadhi neno la namna hiyo. Umati uliokuwepo haukulijali. Masikio yao yalishika habari ya maji peke yake. Ila Kinjeketile mwenyewe, akili yake iliporejea, neno hilo lilimtia homa. Ina maana gani? Tumwage damu kumtoa Mjerumani, kisha tuwe chini ya Sultani wa Unguja? Je, hii dawa ni ya ukombozi, au ni ya kubadilisha bwana? Kuanzia hapo anataka watu wangoje. Anaanza kuogopa kwamba amedanganywa, ama na pepo ama na moyo wake mwenyewe.

Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Katika mwaka 1905 bara la pwani lilikuwa bado na watu waliokumbuka njia za misafara, minyororo na forodha ya Unguja. Jina la Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, lilikuwa bado lina uzito vichakani Umatumbi nusu karne baadaye. Kwa baadhi ya watu lilikuwa jina la zama za kabla ya kiboko cha Mjerumani, hivyo likaonekana tamu. Kwa wengine lilikuwa jina la soko la watumwa. Jina moja lilipokewa kwa masikio mawili. Hapo mtunzi ametuonyesha kwamba visiwa vyetu vilikuwemo ndani ya vita hivyo hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa visiwani aliyeshika mkuki. Tulikuwemo katika kumbukumbu za watu, kwa wema na kwa ubaya.

Lakini neno limekwisha kutoka. Kinjeketile anaona kwamba neno alilolizaa limekua likamzidi yeye mwenyewe. Watu hawataki tena kungoja. Njaa haingoji, na kiboko hakingoji. Wanakwenda vitani. Viongozi wa nchi zote wangefanya vyema kuutazama mlango huu wa mchezo kwa makini. Mtu hutamka ahadi mbele ya umma siku moja, kisha umma huichukua ahadi hiyo ukaenda nayo mahali ambapo mtamkaji hakukusudia, na wakati huo hana tena uwezo wa kuirudisha kinywani.

JIBU LA MWISHO

Mwisho wa mchezo uko gerezani. Wapiganaji wameshindwa, waliobaki wamefungwa, na miongoni mwao wamo Kitunda na Kinjeketile. Mjerumani hataki tena kumwua mganga tu. Anataka kitu kilicho kikubwa zaidi. Anamtaka aseme mbele ya watu kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda naye, aliyewapoteza vijana wake na kuona miili yao, anamtaka aseme hivyo hivyo, kwa sababu nyingine kabisa. Kwa Kitunda, ukweli ni haki ya waliokufa.

Kinjeketile anakataa. Si kwamba bado anayaamini maji. Anakataa kwa kuwaza wale ambao hawajazaliwa. Akisema kwamba maji ni uongo, Mjerumani atalichukua neno hilo alipeleke kaskazini na kusini, na watoto wa watoto watafundishwa kwamba kusimama kwa wazee wao kulikuwa ni upumbavu mtupu. Pamoja na maji, ungezikwa na umoja.

Nani alikuwa na haki, Kitunda au Kinjeketile? Katika madarasa yetu mara nyingi jibu hutolewa upesi: Kinjeketile ni shujaa, Kitunda amekata tamaa, funga kitabu. Sisi tunaona kwamba mtunzi hakuandika hivyo. Kitunda hakuwa mwoga. Alikuwa mzazi aliyewapeleka watoto wa wazazi wenzake mbele ya bunduki kwa neno la mtu mwingine, naye akarudi bila wao. Mtu kama huyo akidai kuambiwa ukweli, nani atamwambia anyamaze? Na Kinjeketile naye hakuwa laghai anayeficha aibu yake. Aliona kwamba mshindi hataki ukweli kwa ajili ya ukweli; anautaka awe na fimbo ya kuwachapia wajukuu.

Kwa hiyo wote wawili wametuachia deni. Kitunda anatudai tusiwadanganye watoto wetu juu ya yale yaliyowaua wazee wao. Kinjeketile anatudai tusiwaachie watoto hao aibu isiyo yao. Kulipa deni moja na kulitupa la pili ni kazi rahisi, na mataifa mengi hufanya hivyo: ama husifu kila kitu katika mapambano yao, pamoja na uongo uliokuwamo, ama huona haya na kunyamaza kabisa. Kuyalipa yote mawili ndiyo kazi ya kizazi kinachofuata.

Inawezekana kulipa? Historia inatuonyesha kuwa inawezekana. Mwezi Desemba 1956, Mwalimu Julius Nyerere alipozungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, aliwakumbusha wajumbe Vita vya Maji Maji. Alieleza kwamba watu walisimama kwa sababu kutawaliwa na wageni kunachukiza maumbile ya mwanadamu, wala si kwa sababu ya viapo na hofu. Akaendelea kueleza kwamba kazi ya chama chake ilikuwa kuipa roho hiyo ya kukataa kutawaliwa njia isiyokuwa ya kumwaga damu. Huyo ni mjukuu aliyelipa deni. Alichukua umoja, akayaacha maji, na hakuwatukana waliokunywa.

WATOTO WA PANDE MBILI

Upo upande mwingine wa urithi huu ambao ni mzito kuutaja. Wajerumani katika nchi hii hawakuwa wengi. Waliochoma ghala, waliomkamata Chausiku wa jukwaani na mabinti waliokuwa mfano wake katika nchi ya kweli, wengi wao walikuwa askari weusi. Wako waliotoka Sudan, wako Wanyamwezi na Wamanyema, na wako watu wa mwambao waliozungumza Kiswahili kama sisi. Vita vilipokwisha askari hao hawakurudi Berlin. Walioa, wakajenga, wakazaa. Leo wajukuu wa askari na wajukuu wa walionyongwa wanapanda basi moja na kuswali katika safu moja, na pengine hata wenyewe hawajui.

Mwana wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, ameligusa jambo hilo katika riwaya yake *Afterlives* ya mwaka 2020. Humo vijana wa mwambao wanaingia katika jeshi la Mjerumani, na kivuli cha uamuzi huo kinaifuata familia mpaka kizazi cha pili, mpaka nchini Ujerumani kwenyewe. Riwaya husomwa na mtu mmoja mmoja chumbani. Mchezo wa kuigiza una nguvu nyingine: unawakalisha wajukuu wa pande zote mbili juu ya mkeka mmoja, na hakuna awezaye kuinuka na kuondoka bila ya jirani yake kuona.

SISI WA VISIWANI

Watakuwepo watakaosema kwamba Maji Maji ni habari ya bara. Tuwakumbushe. Mafia ilikuwa chini ya Mjerumani wakati wa vita hivyo, na mbele yake ndipo mto Rufiji unapomwaga maji yake. Miaka 10 tu baadaye, katika Vita Kuu ya Kwanza, mto huohuo ulikuwa maficho ya manowari ya Kijerumani *Königsberg*, ile iliyoizamisha manowari ya Kiingereza *Pegasus* katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Waingereza waliiteka Mafia mwezi Januari 1915, na *Königsberg* ikaangamia deltani Rufiji mwezi Julai mwaka huohuo. Makaburi ya mabaharia wa *Pegasus* yako Chapwani, na yanajulikana. Je, makaburi ya wapagazi yako wapi? Wapagazi walichukuliwa hata kutoka Unguja, wakabebeshwa mizigo ya jeshi la Kiingereza huko bara. Katika Afrika Mashariki nzima walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa homa, kuhara na uchovu. Baharia mgeni ana jiwe lenye jina lake. Mpagazi wetu hana.

Na sisi wenyewe tunayo mambo yetu ya ndani. Mwaka 1964 ungali hai katika nyumba za Unguja na Pemba. Kuna nyumba ambamo mwaka huo husherehekewa kuwa ni mwaka wa kukombolewa, na kuna nyumba ambamo jina la baba au mjomba hutajwa kwa sauti ya chini tu, milango ikiwa imefungwa. Ebrahim Hussein alilijua hilo pia. Katika mchezo wake *Mashetani*, wa mwaka 1971, alileta vijana wawili, Juma na Kitaru, marafiki wa masomo, ambao urafiki wao unalemewa na mambo ambayo hawakuyafanya wao. Upande mmoja kuna ukoo uliopoteza mali yake visiwani na bibi asiyeweza kusahau. Upande wa pili kuna ukoo unaopanda ngazi za enzi mpya. Vijana hao hawakushika silaha. Walirithi tu.

Hatusemi kwamba mchezo wa kuigiza utamaliza machungu hayo. Tunasema kwamba jukwaa lina staha ambayo baraza halina. Barazani, mtu akilitaja jambo, huulizwa mara moja yeye ni wa upande gani. Jukwaani, anayesema ni Kitunda, ni Bibi Bobali, ni Juma. Mtazamaji humsikia akiwa hana haja ya kujitetea, na labda akirudi nyumbani ataweza kumwuliza mzee wake swali ambalo hakuthubutu kuliuliza kwa miaka mingi.

KITABU AU JUKWAA

Tatizo letu ni kwamba mchezo huu wengi wetu tumeusoma tu, wala hatujauona. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimeupitia kwa ajili ya mtihani. Wamefundishwa kuorodhesha dhamira, wahusika na tamathali za semi, kisha kitabu kikarudi kabatini. Lakini mchezo haukuandikwa uorodheshwe. Yule anayetetemeka kwa pepo, yule baba anayemtazama binti yake akiondolewa, lile kundi linalopaza sauti kwa kutaka vita huku mganga akiomba lingoje, yote hayo hayana uhai katika karatasi. Ni sawa na kujifunza ngoma kwa kusoma.

Wala hakuna gharama ya kutisha. Hauhitaji mapambo makubwa wala mitambo. Unahitaji uwanja, taa chache, ngoma, na vijana wenye moyo. Unguja ina ukumbi wa wazi wa Ngome Kongwe. Pemba ina viwanja vya Gombani. Kila skuli kubwa ina ua. Vijana wetu wanaoigiza vichekesho na filamu wameonyesha kuwa vipaji haviko mbali. Kinachokosekana ni kuombwa kazi nzito na kusaidiwa kuifanya.

Kwa hiyo tunapenda kutoa rai kwa wahusika. Wizara zinazoshughulikia elimu na utamaduni zikubaliane kwamba mchezo unaosomwa kwa mtihani uonwe jukwaani walau mara moja na wanafunzi wanaousoma. Wakuu wa Wilaya na masheha wasiuhesabu mchezo wa namna hii kuwa ni burudani ya kupoteza muda, bali wauhesabu katika kazi za maendeleo, kama wanavyohesabu mikutano. Maafisa Utamaduni wawapeleke vijana kwa wazee kabla ya mazoezi, wakaulize na kuandika kama walivyofanya wanafunzi wa miaka ile ya 1960. Maana wale wazee wa Maji Maji hawako tena, na wazee wa mwaka 1964 nao wanapungua kila mwaka.

Tunaongeza jambo moja, kwa heshima zote. Wakubwa wetu wasiuogope mchezo unaoonyesha kwamba viongozi wa mapambano walikosea. *Kinjeketile* unaonyesha hivyo, na bado hakuna aliyeuona kwa makini akatoka akiwadharau wazee wa Ngarambe. Hutoka akiwaheshimu zaidi, kwa kuwa ameona kwamba walikuwa watu wenye njaa, hofu na watoto kama sisi, na kwamba walisimama. Heshima inayotegemea kuficha makosa haidumu. Siku kosa litakapofichuka, heshima yote itakwenda nalo. Mjerumani wa gerezani alilijua jambo hilo, ndiyo sababu alitaka neno moja tu kutoka kwa mganga.

Sisi leo hatuna Mjerumani wa kutulazimisha. Tunaweza kuwaambia watoto wetu kwamba maji hayakuzuia risasi, na kwamba wale walioyanyunyizwa walikuwa na haki ya kukataa kiboko. Tuyaseme yote mawili kwa pumzi moja, mbele ya watu, kwa Kiswahili chetu wenyewe. Kitunda na Kinjeketile walishindwa kupatana gerezani kwa sababu adui alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mlango huo sasa hauna mlinzi, na wajukuu ndio wanaosubiri kuingia.